Siku Mama Mkwe Alipogoma Mlimani

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na hao watoto wenu, ambao kila nikiwasikia kwenye simu naona wameongeza sauti badala ya adabu. Kifua cha wifi kimepoa? Mwambie asiache kujifunika anapotoka kazini. Mwambie pia kwamba kile kitambaa alichonitumia nimekishona mapazia, maana gauni ningelivaa wapi mimi ninayenuka dizeli hata siku ya Jumapili. Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo nao nimeshauzoea, tunaishi hivyohivyo.

Baba amelala sasa hivi, ndiyo maana nimepata nafasi. Ulisema niandike nisipige simu, kwa sababu akiona nimeshika simu huja kusimama mlangoni kujua anasemwa nani, na hapo ulisema kweli. Uliniuliza swali moja ukataka jibu moja: Baba yuko sawa, au hayuko sawa? Ukasema chumba kimeshapakwa rangi na kitanda kimo, kinachongojwa ni neno langu. Halafu ukaongeza, kwa ule ubwana wako wa kuzaliwa kwanza, kwamba lori nalo liuzwe, mzee akapumzike. Nilikasirika, sikufichi. Nilisema moyoni, kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyu yuko mbali anapaka rangi kuta, mimi ndiye ninayejua Baba anaamkaje. Nikakaa na swali lako bila kulijibu. Leo nalijibu, lakini itabidi nianzie kwenye lori, kwa hiyo vuta kiti.

Mama Mkwe bado yupo. Bado anaguna asubuhi kabla hajakubali kuwaka, bado anatoa moshi mweusi akiambiwa apande mlima, na akiendeshwa na mgeni bado ananuna. Lile jina ulilompa wewe limemkaa, hata wapakiaji sokoni hawamwiti jingine. Alhamisi tulipakia nyanya zilizoiva, zile za kuuzwa siku hiyohiyo, si za kijani za kusubiri. Baba nilikuwa naye.

Siku hizi siendi popote bila Baba. Ukiuliza nakuambia amechoka kukaa ndani, na yeye husema hivyohivyo. Lakini jirani aliyekuwa akimtazama alikuja kuniambia, kwa heshima zake zote, kwamba hawezi tena. Alimkuta uani amefungulia bomba, amekaa kando yake kwenye kigoda, maji yanakwenda zake, na alipomuuliza, Baba akamjibu kwamba anasubiri tangi lijae. Hapakuwa na tangi wala ndoo. Basi napanda naye. Hukaa kwenye kiti cha abiria, kile alichokitandika gunia mwenyewe enzi hizo, kofia magotini, na njia nzima ananisahihisha. Breki mapema. Acha kuukumbatia usukani. Huyo wa mbele amelala, mpigie honi. Na Kaka, mambo yote hayo huwa yuko sahihi. Mtu anayejua kona zote za barabara utasemaje kwamba amepotea? Hilo ndilo lililokuwa likinipa moyo, na pengine likinidanganya.

Unaujua ule mlima baada ya daraja, wenye kona iliyopinda kama kiwiko. Tuliuanza jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nimechoka, nimepakia tangu alfajiri na wapakiaji nusu hawakuja, nikachelewa kupunguza gia. Kosa la mwanafunzi kabisa. Lori likaanza kutetemeka na kunguruma kwa taabu, mimi nimeling'ang'aniza na gia ya tambarare. Kwa pembe ya jicho nikamwona Baba anatikisa kichwa. Kabla sijakanyaga klachi, injini ikazima. Haikukohoa, haikupungua nguvu kidogo kidogo, ilinyamaza tu. Nikavuta breki, nikashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani kuwaonya wanaokuja.

Niliporudi kuwasha, stata ilizungusha injini vizuri, betri haikuwa na neno. Haikuwaka. Nikajaribu tena na tena mpaka nikaogopa kuimaliza betri yenyewe. Nikamgeukia Baba nikamwomba anisaidie mawazo. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliye kibarazani kwake, akasema neno moja.

"Tafuta."

Neno hilo unalikumbuka. Wewe uliyakimbia mafunzo yake mapema ukaenda zako shule, mimi ndiye niliyebaki nayo. Alikuwa akiliharibu lori makusudi nisipoangalia, analegeza bomba hapa, anachomoa waya pale, siku nyingine anasokomeza kitambaa kwenye njia ya hewa, kisha anapanda kwenye gunia lake na kuniambia nitafute. Dokezo hakutoa hata uombe kwa machozi. Marehemu Mama alikuwa akituletea chakula kando ya barabara na kumuuliza kama anafundisha udereva au anamtesa mtoto wa watu. Naye Baba humjibu kwamba dereva asiyejua kutafuta ni abiria tu aliyeshika usukani.

Basi nikatafuta, kwa mpango wake uleule: dizeli inatoka wapi, inapita wapi, inaishia wapi. Injini ya dizeli haina makuu. Ipe hewa, ipe mafuta, izungushe, itawaka. Kuzunguka ilizunguka. Nikafungua chujio la hewa, limejaa vumbi lakini linapumua. Nikatumbukiza kijiti kwenye tangi, kikatoka kimelowa kupita nusu. Nikakitazama kifuniko cha tangi, maana kitundu chake kiliwahi kuziba mwaka wa mafuriko tukahangaika siku nzima. Safari hii kilikuwa wazi. Nikafungua chini ya chujio la dizeli, nikakinga kidogo kwenye chupa na kuitazama juani. Ilikuwa safi, Kaka, haina maji wala takataka. Hilo la mafuta kuwa safi likumbuke, nitalirudia mwishoni.

Nikaingia kazi ya kutoa hewa kwenye mabomba. Nikalegeza skrubu juu ya chujio, nikapiga pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikafa ganzi na dizeli ikatoka bila povu. Nikakaza, nikapanda, nikawasha. Wapi! Nikashuka nikarudia kazi ileile kana kwamba mara ya kwanza niliifanya vibaya. Mikono imelowa, jua limenikaa kisogoni, na huko nyuma nyanya zilikuwa zimeanza kunukia utamu usiotakiwa.

Nilimsihi Baba ashuke akae kivulini. Akakataa. Nikampa maji, akanywa kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameuficha pembeni ya kiti kama mtu anayelinda pochi yake. Nikamwomba basi anyooshe mkono azungushe ufunguo tu, ili mimi nikae mbele niangalie kama mafuta yanafika kwenye nozeli zinazoyapuliza ndani ya injini. Akasema mtihani hufanywa na mtu mmoja. Nilidhani ananitania, na utani siku hiyo sikuwa nao. Nilimjibu vibaya, nikasema wengine tuna kazi ya kufanya. Hakukasirika hata kidogo, alicheka.

Nikampigia simu fundi, yule ambaye Baba anamwita Kijana mpaka leo, ingawa upara wake unamulika kuliko taa za lori. Huyo naye alifundishwa kazi na Baba kabla hajafungua gereji yake. Alikuja na pikipiki na mfuko wake wa spana, akamwamkia mzee, akaniambia nizungushe. Bomba la moshi halikutoa hata uzi wa moshi. Akalegeza nati ya bomba linalokwenda kwenye nozeli, nikazungusha tena, pakavu. Akaniita nije nione mwenyewe. Akanieleza kwamba dizeli inafika kwenye pampu kubwa lakini haitoki, kwa hiyo pampu ndiyo imekufa. Ifunguliwe, ipelekwe kwa wenye mashine ya kuipima, na Mama Mkwe alale palepale mlimani mpaka irudi, nyanya nazo shauri ya Mungu.

Nilikaa chini kando ya gurudumu nikalia. Kulia kwenyewe hakukuwa kwa ajili ya nyanya. Nimechoka, Kaka. Nimechoka kuamka nikisikiliza kama mlango wa nje umefunguliwa. Nimechoka kuficha kiberiti. Nimechoka kuwa dereva, na mwangalizi, na binti, vyote kwa mwili huu mmoja. Baba akatoa kichwa dirishani, akaniambia kwa upole tu kwamba tangu magari yaanze kuundwa hakuna lililowahi kuwashwa kwa machozi.

Fundi yeye alikuwa ameshainama na kitambaa anafuta masizi ili azione bolti za pampu. Pale kwenye pampu, upande wa ndani, kuna kimkono kidogo. Kikivutwa upande mmoja kinakata mafuta, na hivyo ndivyo dizeli inavyozimwa. Mimi nina kitasa changu pale kwenye dashibodi ninachokivuta kila jioni kuzima injini, na nilishakikagua mara ya kwanza kabisa, kilikuwa kimeingia chote. Lakini fundi alipofuta masizi akakikuta kimkono kimelala upande wa kuzima. Akakisukuma kwa kidole, kikarudi palepale. Akaniuliza kama kuna waya mwingine unaokivuta. Nikasema hakuna. Akapitisha kidole nyuma ya pampu, akaufuata waya mwembamba uliolowa mafuta, ukaingia chini ya sakafu, ukaelekea kiti cha abiria. Akainua kichwa kumuuliza mzee huo waya wa upande wake ni wa nini.

"Nyamaza, Kijana," Baba akasema. "Usimwambie. Mtihani wake ni wiki ijayo."

Fundi alinitazama mimi. Mimi nikaitazama spana iliyokuwa mkononi mwangu. Leseni yangu nimeibadilisha mara sijui ngapi, Kaka. Mtihani huo niliufanya Mama akiwa hai, na alinifungia kitambaa chake kichwani ili askari wa barabarani wasione nywele hazijasukwa.

Habari za waya huo wewe huzijui kwa sababu uliondoka kabla hatujafika huko. Waya huo ulikuwa somo la mwisho la Baba. Aliufunga upande wake ili nikikosea mahali pa hatari aweze kulizima lori mwenyewe, na baadaye akaugeuza mtego. Nikichelewa gia, anauvuta kimyakimya, lori linazima, ananiambia nitafute. Mtego huo ulinitesa, mpaka siku moja nikalifunua lile gunia nikaikuta pete ya waya imetundikwa kwenye msumari ili waya usirudi. Alinipa mkono. Nilipoleta leseni akaniambia ameukata, sasa barabara ni yangu. Sikufunua gunia kuhakikisha. Neno la baba yako unalihakikishaje?

Nikapanda kwa mlango wa upande wake, nikainua ukingo wa gunia. Msumari ulikuwepo, pete imetundikwa, na mkono wake uko juu yake. Nikamwambia nimeipata. Akaunyanyua mkono taratibu, vidole vimekakamaa havitaki kunyooka, na katikati ya kiganja pete imeacha alama nyekundu. Nikaichomoa kwenye msumari, waya ukarudi chini ya sakafu. Nikazunguka upande wangu, nikageuza ufunguo, na Mama Mkwe akawaka papo hapo bila hata kuguna. Fundi akanong'ona kwamba kweli kikulacho ki nguoni mwako, kisha naona aliona haya, akaanza kupanga spana zake.

Baba alininyooshea mkono. "Ulichelewa kupunguza gia," akasema, "lakini umefaulu. Twende tukamwambie mama yako."

Nilimpa mkono wangu ulivyo na dizeli yake. Sikumwambia Mama yuko wapi. Nikasema haya, twende.

Kabla hatujaondoka fundi alinivuta nyuma ya lori. Akasema huo waya ukatwe sasa hivi, maana akiuvuta tukiwa tunashuka na mzigo, breki zikose upepo na usukani uwe mzito, hapo hapatakuwa na mtihani wa kurudia. Alisema kweli. Nikamwomba aukate kule kwenye pampu tu. Pete nikairudisha kwenye msumari wake, nikalifunika gunia. Nyanya za juu zilipona, za chini zilikuwa mchuzi, na mwenye mali alinisema mpaka akachoka mwenyewe.

Jana tulikwenda kurudisha makreti matupu, njia ileile. Mlimani nilipunguza gia mapema kabisa, naapa, mtu yeyote angenisifu. Hata hivyo nikamwona mkono wake unashuka pembeni ya kiti. Akavuta. Lori likaendelea kupanda. Akavuta tena, nguvu zaidi, kisha akaitoa pete ikiwa na kipande cha waya kimening'inia, akaiweka kwenye kofia yake magotini, akaitazama mpaka tukamaliza kona.

"Umeukata," akasema.

Nikamjibu ndiyo, Baba. Nilitegemea atagomba. Lakini aliponigeukia, Kaka, alikuwa yeye mwenyewe, Baba yetu mzima, hata ule unyusi wake mmoja ulikuwa umepanda. Akasema ilitakiwa ukatwe miaka ile, alinidanganya kwa sababu aliogopa. Kila nilipotoka peke yangu alijipa moyo kwamba waya bado upo, ingawa alijua kwenye kiti hakuna mtu wa kuuvuta. Akaniuliza kama Alhamisi alikuwa ameuvuta yeye. Nikaukumbatia usukani nikatazama barabara, na hilo likawa jibu.

Kisha akaniuliza kama wewe bado unalo lile wazo la chumba. Kumbe alikuwa anajua, tulikuwa tunajificha nyuma ya kidole. Akaniambia nikuandikie. Atakuja, ila kwa masharti mawili: nimpeleke mimi mwenyewe kwa lori, asitumiwe kama kifurushi kwenye basi, na lori lisiuzwe, kwa sababu lina dereva. Nikakubali yote. Tulipokaribia nyumbani akaongeza la tatu, safari hii akitazama nje dirishani.

"Usimwambie kaka yako kwamba nililizima mimi. Mwambie mafuta yalikuwa machafu."

Nikamwahidi, na sasa hivi navunja ahadi hiyo kwa mkono wangu. Kwa hiyo jibu lako ni hili: Baba hayuko sawa. Ana nyakati zake za kuwa sawa, na hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu anajiona. Sikutaka kusema kwa kuwa niliona nikisema tu nitakuwa nimemtoa nyumbani kwake, na kumbe kwa kutosema nilikuwa nampoteza kidogo kidogo kule mlimani. Ulikuwa umeona sawa, na mimi nilikuhukumu. Ya lori ndiyo hukuona sawa, na hilo limekwisha.

Nikimaliza mzigo wa wiki hii tunakuja. Kitanda kiweke karibu na dirisha linalotazama barabara, apate cha kusahihisha. Mlango wa nje utie kitasa cha juu, mahali asipozoea kunyoosha mkono. Jiko usimwachie. Chai yake sukari vijiko viwili, na akisema hujamtilia mtilie kimoja, usibishane. Akimuulizia Mama nawe usibishane, sema tutamwambia. Mimi nitakaa nanyi siku chache, nilale. Sijui kama utanielewa, lakini nataka kulala nikijua kuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayesikiliza mlango.

Msalimie wifi sana, na watoto waambie shangazi yao anakuja na Mama Mkwe, atakayeharibu kioo atamtambua. Fundi naye anakusalimu. Amesema nikirudi nipite gereji kwake nikanywe chai, na kama kuna kitu nyuma ya chai hiyo basi ataendelea kungoja, kwa sasa sina nguvu hata ya kuona haya.

Baba ameamka, nasikia kiti kinasogezwa uani, acha niikunje barua. Jambo moja la mwisho, Kaka, na hili nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu. Akishuka tu kwenye lori, kabla hata ya maji ya kunywa, atakushika bega na kukuambia kwamba juzi lilituzimikia mlimani kwa sababu ya mafuta machafu. Mwitikie. Mwambie wauza mafuta wa siku hizi hawana haya.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa Mama Mkwe.